Umeme wa Chiriku

Fundi Waya alianza na kengele ya mlango. Aliifungua kwa bisibisi, akachomoa nyaya zake, akazifunga ncha kwa utepe mweusi, kisha akasimama ameishika mkononi kama mtu aliyekamata panya na hajui amtupe wapi. Kengele hiyo aliifunga mwenyewe walipohamia nyumba ile, na alijivunia mlio wake kupita kiasi, maana ilikuwa ikilia mpaka jirani anatoka kumpokea mgeni asiye wake. Sasa aliitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu.

Baada ya kengele zikafuata bawaba za milango, akazitia mafuta moja baada ya nyingine. Miguu ya viti akaivisha vipande vya mpira wa tyubu. Redio ikaenda kabatini. Simu zote za nyumba zikatiwa kimya, hata yake mwenyewe, ambayo wateja walikuwa wakiipiga tangu alfajiri. Dirisha la sebuleni lililotazama barabarani akalifunga, akatundika pazia zito kiasi kwamba mle ndani mchana ulikuwa kama umeahirishwa.

"Baba Chiriku," mke wake alimwita kutoka uani, mikono imo kichwani mwa mteja, maana alikuwa msusi na uani ndiko alikokuwa na kiti chake cha kazi, "sasa wageni watatuitaje?"

"Wasije."

"Na wateja wangu je? Wacheke kwa maandishi?"

Mteja akaangua kicheko, na fundi akatoka mbio, kidole mdomoni, kumnyamazisha. Mwanamke wa watu alimaliza kusukwa midomo imefungwa, akaondoka, na hakurudi tena.

Kabla hujamcheka Fundi Waya, subiri kwanza. Mtu huyu alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, aliyekuwa darasa la mwisho la shule ya msingi. Jina lake la kwenye cheti lilikuwepo, lakini hata wazazi walikuwa wamelisahau nusu, kwa sababu tangu alipojifunza kusema aliitwa Chiriku na hakuna aliyeona haja ya kubadilisha. Mdomo wake haukujua likizo. Aliongea na sahani akiziosha, aliongea na viatu akivitafuta, na usiku alilala redio ikiwa inalia kando ya sikio lake. Baba yake alikuwa akilalamika hadharani kwamba mtoto huyu atamtoboa masikio, na faraghani akichelewa kurudi kutoka kazini alikuwa anakata kona ya mtaa wao akiitegea sauti ile kwanza kabla hajaiona nyumba.

Sasa Chiriku alikuwa ameanguka shuleni. Alikuwa anapita chini ya kengele ya umeme iliyofungwa juu ya mlango wa darasa, na kengele ikalia wakati huo huo. Alishtuka, akaenda chini kama nguo iliyodondoka kwenye kamba, akatetemeka kidogo, halafu akazinduka akiuliza nani kamsukuma. Mwalimu mmoja alisema ni njaa. Mwingine alisema ni kifafa. Kwa bahati, au tuseme kwa mkosi uliokuja umevaa nguo za bahati, kwenye zahanati walikompeleka kulikuwa na mtu aliyemsikiliza vizuri na kumwandikia aende kwa daktari wa moyo.

Daktari wa moyo alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani aliyoisukuma juu ya paji la uso kila alipotaka kusema jambo zito. Alitandaza mezani karatasi ndefu yenye mistari ya kupanda na kushuka, akaisukuma miwani.

"Naambiwa wewe ni fundi umeme," alimwambia baba. "Basi nitakueleza kama fundi kwa fundi. Moyo una umeme wake wenyewe. Kila ukipiga, unatoa chaji, halafu unajichaji upya tayari kwa pigo linalofuata. Moyo wa binti yako unatoa chaji vizuri sana. Tatizo ni kujichaji. Unachelewa. Kidogo mno, hata kupepesa jicho huchukua muda mrefu kuliko hapo. Lakini akishtushwa ghafla katika upenyo huo, kwa kengele, kwa simu, kwa kelele ya kumwamsha, pigo jingine linaingia kabla moyo haujawa tayari. Mapigo yanavurugika. Moyo unatetemeka tu, hausukumi damu. Mara nyingi unajirudi wenyewe."

"Na usipojirudi?"

Daktari alimtazama Chiriku, aliyekuwa anasoma kwa sauti ya chini mabango yote ya ukutani, kisha akamtazama baba mtu. Fundi akapata jibu lake.

"Fyuzi yake iko wapi?" aliuliza.

"Haina fyuzi, fundi."

"Kila kitu cha umeme kina mahali pa kukatia."

"Hiki hakina. Ukikikata, umemkata na mtu."

Halafu daktari akaja kwenye jambo la pili. Alisema ugonjwa huu haukutoka hewani. Umo kwenye jeni, yale maelekezo ya kuujenga mwili ambayo kila mtoto hupewa nusu na mama na nusu na baba, na yaelekea mmoja wao anayo kasoro hiyo hiyo. Angependa kuwapima wote wawili.

Fundi Waya aligeuza shingo taratibu akamtazama mkewe. "Mjomba wake," akasema kabla hajaulizwa. "Mjomba wake alianguka sokoni akafa, kijana kabisa. Kwetu sisi hakuna magonjwa ya kuangukaanguka."

"Mjomba wangu aliangukiwa na gunia," mke alisema. "Lilitoka juu ya lori."

"Mimi nasema tu."

Nyani haoni kundule. Walipimwa mmoja baada ya mwingine, wakabandikwa vishikizo vya baridi kifuani, na karatasi ya mama ikatoka safi kama sahani iliyooshwa. Ya baba ilitoka na mstari wenye mkia uliochelewa kushuka, kama wa binti yake. Damu yao ilitumwa kwenye maabara ya mbali, na majibu yaliporudi yalisema vile vile. Daktari alipomuuliza kama ana ndugu aliyefariki ghafla akiwa mdogo, alisema hapana, hana, kisha mdomo ukabaki wazi.

"Dada yangu," alisema. "Mlango ulibamizwa na upepo. Alikuwa amebeba ndoo ya maji. Walisema alikuwa na roho nyepesi."

"Alikuwa na umri gani?"

"Kama huyu."

Miaka yote hiyo aliihesabu ile kuwa ajali ya mlango. Alikuwa na hasira na mlango.

"Lakini mimi mbona sijaanguka hata siku moja?" alidai. "Mimi nimepigwa na umeme mpaka nimezoea! Kuna siku ulinirusha kutoka kwenye ngazi, nikaamka, nikajipangusa, nikamaliza kazi ya watu."

"Sijui," alisema daktari. "Jeni ni ile ile, mmoja humshika, mwingine huzeeka nayo hana habari. Kwa nini, hatujui bado. Na wewe pia utameza vidonge."

Njiani kurudi nyumbani alitembea nyuma ya mkewe na binti yake. Tangu Chiriku azaliwe watu walimsifia kwamba ni yeye mtupu, pua yake, masikio yake, ule mwendo wake wa kurusha miguu. "Huyu humkatai!" walimwambia, na yeye akavimba kichwa kwa sifa asiyoifanyia kazi. Sasa aliitazama ile miguu ikirushwa mbele yake, akajiona mwizi aliyeingia kwenye mwili wa mtoto wake mwenyewe kabla hajazaliwa. Hakuwa amekosa lolote, na daktari alimwambia hivyo, na mkewe alimwambia hivyo. Haikumsaidia kitu.

Walipewa vidonge vya kuupoza moyo, kimoja asubuhi na kimoja jioni, baba na binti. Waliambiwa kuna kifaa kidogo kinachowekwa chini ya ngozi, kinachousikiliza moyo na kuushtua ukipotea njia, ila kinawekwa kwenye hospitali kubwa ya rufaa tu na foleni ni ndefu. Muuguzi akawafundisha kugandamiza kifua juu ya mto wa kulalia: mikono miwili katikati, kwa nguvu, kwa haraka, bila kuogopa. Mama, ambaye vidole vyake vilikuwa vigumu kwa kusuka, aliubonda ule mto mpaka ukatoa pamba. Baba naye alifanya vizuri. Muuguzi alimsifu.

Na alipofika nyumbani, akachukua bisibisi, akaifungua kengele ya mlango.

Siku za mwanzo Chiriku aliuona ukimya ule kama mchezo. Alinong'ona kwa madaha, alipita sebuleni kwa ncha za vidole kama mwizi wa kwenye vichekesho, akamwandikia baba yake vikaratasi vya kuomba chumvi. Mchezo ulipochuja, akaanza kulalamika.

"Baba, mpaka nasikia masikio yangu yenyewe yakilia."

"Utazoea."

"Nirudishie redio, basi. Kwa sauti ndogo."

"Redio ina matangazo. Matangazo yanaanza ghafla."

"Na mimi nikitaka kuimba?"

"Imba moyoni."

"Moyoni ndiko kwenye ugonjwa," alisema Chiriku, na mama yake akaficha uso kwenye kanga asionekane anacheka.

Shule alisimamishwa, kwa sababu mwalimu mkuu alisema kengele moja haiwezi kuzimwa kwa ajili ya mwanafunzi mmoja. Wateja wa mama waliopenda kusukwa na kusengenya wakahamia kwa msusi wa mtaa wa pili. Na Chiriku, ambaye zamani alilala redio ikimpigia kelele sikioni, akaanza kuruka kijiko kikianguka. Mlango wa jirani ukifungwa, anashika kifua. Fundi alipoyaona hayo, badala ya kujiuliza, akaongeza pazia la pili. Siku hizo viatu alikuwa anavivulia getini na kuingia ndani kwa soksi.

"Kimya kingi kina mshindo, baba Chiriku," mkewe alimwambia walipokuwa peke yao. "Umemfanya mtoto awe kama yai."

"Yai halivunjiki likikaa kwenye pamba."

"Ataishi kwenye pamba mpaka lini? Mpaka aolewe?"

Akaenda kutafuta chupa ya mafuta. Kazi ya kutia mafuta bawaba ilimpa mahali pa kuweka mikono. Mtu aliyezoea kuitwa watu wakiwa gizani, akaja, akashika hiki, akagusa kile, na taa zikawaka na watu wakapiga makofi, mtu kama huyo hawezi kukaa kitako akaambiwa asubiri foleni.

Jioni moja jua lilikuwa bado halijazama vizuri nje, lakini sebuleni kulikuwa na taa kwa sababu ya mapazia. Chiriku alikuwa anapiga pasi. Alikuwa ametandika shuka juu ya meza na juu yake sketi ya shule, ingawa shule haendi, kwa sababu alikuwa ameamua kwamba Jumatatu atakwenda, potelea mbali. Alikuwa ameinama, mgongo kwa mlango, akiimba moyoni kama alivyoamriwa. Mama alikuwa uani akianua nguo.

Fundi alivua viatu getini. Mlango haukulia. Sakafu haikulia. Alimwona binti yake ameinamia kazi, akafurahi kumkuta salama, akasogea ili amguse bega kwa upole, asimwite, kuita ni kelele. Chiriku akageuka kuchukua maji ya kunyunyizia, na baba yake alikuwa pale, pua kwa pua, mtu mzima aliyeota kutoka sakafuni.

Hakupiga kelele. Alivuta pumzi kwa kishindo, macho yakapanda juu, na akaanguka, pasi ikiwa bado mkononi.

Sikiliza sasa. Fundi umeme hufundishwa jambo moja kabla hata hajakabidhiwa bisibisi, na hufundishwa kwa matusi na makofi ili lisimtoke. Ukimkuta mtu ameanguka na kifaa cha umeme mkononi, anatetemeka, usimguse. Ukimgusa mtakufa wawili. Kata umeme kwanza. Waya alikuwa amelibeba somo hilo zaidi ya nusu ya maisha yake, na lilishawahi kumwokoa mwenzake mmoja juu ya paa la kiwanda. Macho yake yaliona mtu chini, pasi mkononi, mwili unatetemeka. Miguu haikumuuliza. Ilimgeuza, ikamtoa mlangoni kwa soksi, ikampitisha kando ya mkewe aliyekuwa anaingia na nguo mikononi baada ya kusikia kishindo, ikamzungusha nyuma ya nyumba mpaka kwenye swichi kuu. Akaishusha.

Nyumba nzima ikawa giza.

"Washa taa!" mke wake alipiga kelele kutoka ndani. "Simwoni mtoto! Washa taa!"

"Nimekata umeme!" alijibu. "Mshike sasa, nimekata!"

"Umeme gani? Umeme gani wewe? Ni moyo!"

Mkono wake ulikuwa bado juu ya swichi. Na hapo ndipo kichwa kilipoifikia miguu. Aliipandisha swichi, akarudi mbio, akajigonga kwenye ngazi yake mwenyewe. Alipoingia sebuleni mkewe alikuwa amepiga magoti, mikono miwili katikati ya kifua cha mtoto, anagandamiza kwa nguvu zile zile alizoutolea mto pamba, anahesabu, anakosea, anaanza tena. Alikuwa ameanza gizani kwa kupapasa. Midomo ya Chiriku ilikuwa na rangi ambayo fundi hakuwahi kuiona kwenye kitu kinachopendwa. Pasi, baada ya kurudishiwa umeme, ilikuwa inaunguza mkeka polepole, na kazi pekee aliyoipata baba mtu katika saa ile ilikuwa kuchomoa pasi.

"Niingie mimi," alisema. "Niingie, umechoka."

"Toka! Tafuta gari!"

Jirani yao alikuwa dereva wa gari la mizigo. Chiriku alivuta pumzi kabla gari halijageuzwa, pumzi moja mbaya yenye mkwaruzo, halafu nyingine, halafu akalia kwa maumivu ya mbavu, na mama yake akamlalia juu akilia naye. Walimpakia. Waya alipanda nyuma kwenye maturubai, bado kwa soksi.

Hospitali walimweka wodini, wakamfunga mashine iliyokuwa ikiandika moyo wake ukutani kwa mstari wa kijani. Wazazi walikaa kwenye benchi la korido. Mfagiaji alipita, akarudi, akaomba wainue miguu, wakainua.

"Ulinipita mlangoni," mke alisema hatimaye. "Nikajua unakimbilia gari."

"Niliona pasi."

"Najua uliona pasi." Alikuwa anazitazama soksi za mumewe, zilizochanika. "Na mimi ningekuwa fundi ningekimbilia huko huko. Ndicho kinachoniumiza. Ningempata mtu wa kumkasirikia, walau ningepumzika."

"Ni mimi niliyemshtua. Hakuna kilichoanguka, hakuna kilicholia. Aligeuka akaniona mimi."

Mke akamwekea mkono begani, akauacha hapo bila kumpapasa, kama mtu aliyeegemea ukuta.

Asubuhi daktari alisoma kila kitu kilichoandikwa, akaisukuma miwani juu, akasikiliza habari za kengele, za mapazia na za soksi bila kukatiza. Aliongeza kipimo cha vidonge. Akasema atapiga simu hospitali ya rufaa, huenda foleni ikasogea, huenda isisogee.

"Na ile nyumba yako irudishie sauti zake," alisema. "Sauti za kawaida, za siku zote. Mtu akikaa kwenye kimya kile, hata kikombe kinakuwa bomu. Saa za kelele za kuamshia, hapana. Simu karibu na mto, hapana. Lakini maisha, mwachie."

"Halafu mimi nifanye nini?"

"Mpe vidonge kwa wakati. Akianguka, mgandamize. Subiri foleni."

"Hayo tu?"

"Hayo tu, fundi."

Alitaka sana daktari aongeze neno moja, hata la uongo.

Chiriku mwenyewe alipopata nguvu ya kukaa, jambo la kwanza alilofanya ni kuwasimulia wauguzi. Mbavu zilimuuma kila akicheka, lakini hakujizuia. "Baba zenu nyie mkianguka wanawainua," aliwaambia. "Wangu mimi anazima taa!" Wodi nzima ilicheka, mgonjwa wa kitanda cha pembeni akakohoa kwa kucheka, na Fundi Waya naye akacheka pamoja nao, kila kicheko kikimpita kama wembe. Alikuwa radhi kuchekwa maisha yake yote kwa sauti ile.

Walipobaki wawili, Chiriku akachezea waya wa mashine uliobandikwa kifuani mwake.

"Daktari kasema wewe ndiye uliyenipa."

"Mimi ndiye."

"Na wewe ulipewa na nani?"

"Na babu yako au bibi yako. Hatutajua tena, wote wameshaondoka."

"Na mimi nikizaa?"

"Nusu kwa nusu. Anaweza kupata, anaweza asipate."

Chiriku alifikiri. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake baba mtu alimwona anafikiri bila kusema.

"Sikujua, mwanangu," alisema.

"Sijasema ulijua." Kisha, kwa sauti yake ya kawaida ya kuamrisha viatu na sahani: "Ila kuanzia leo uwe unapiga hodi. Nyumbani kwetu. Hodi, kama mgeni, ukiwa mbali, mpaka nikujibu. Usiniibukie tena."

Akapiga hodi. Redio ilirudi mezani, mapazia yakaondolewa, wateja wa mama wakarejea mmoja mmoja na umbeya wao. Shule ilikubali kumhamishia Chiriku kwenye darasa la mwisho wa korido, mbali na kengele. Na kila jioni mtaa ulimsikia mwanamume mzima akisimama getini kwake na mfuko wa vifaa, anaita.

"Fundi, umefukuzwa?" jirani dereva alimtania. "Au mama watoto kabadilisha kufuli?"

"Nimekuwa mgeni," alijibu. "Hodi humu ndani!"

"Karibu, baba, pita, sijafa bado!" Chiriku alikuwa anajibu, na mama yake akimkemea kwa kauli hiyo, kila siku, bila mafanikio.

Watu waliona jambo la kuchekesha. Hawakujua kilichokuwa kati ya hodi na karibu. Pale katikati palikuwa padogo, lakini Fundi Waya aliishi hapo. Kila alipoita, alisimama na mkono kwenye geti, na mpaka ajibiwe hakuwa baba wala mume wala fundi, alikuwa mtu anayengoja. Akijibiwa, anapewa siku moja. Kesho anarudi kuomba nyingine.

Kisha ikaja jioni ambayo alipiga hodi na hakujibiwa.

Uani palikuwa kimya, kiti cha mama kitupu. Aliita tena, kwa sauti ile ile. Kimya. Redio ilisikika kutoka ndani, mtu anasoma habari za bei za mazao. Hodi ni tatu, na ya tatu isipojibiwa mgeni huondoka, lakini yeye angeondoka aende wapi? Ya tatu hakuipiga. Akiita kwa nguvu zaidi, huenda mtoto amelala na kelele ndiyo itakayommaliza. Akiingia kimya kimya, alishajua kimya kilifanya nini. Akikaa pale pale, na kama mtoto yuko chini sakafuni, kila anapovuta pumzi yeye mwenzake anaikosa. Alisogeza mguu mmoja ndani ya geti, akaurudisha. Mfuko wa vifaa ulimwanguka, vyuma vikamwagika, na hakuinama. Alilishika geti kwa mikono miwili, akaegemeza paji la uso kwenye chuma, na hakuna alichojua kukifanya.

"Hodi, baba."

Sauti ilitoka nyuma yake, mbali, ya chini na ya taratibu. Hakugeuka. Hakuamini kama imesikika nje ya kichwa chake.

Chiriku alikuwa amesimama upande wa pili wa barabara, mkoba wa sokoni mkononi, mama yake akija nyuma yake na mafungu ya nywele za kusukia. Alikuwa amemwona baba yake ameliegemea geti, ametulia, kichwa kimeinama. Hakukimbia kumjia na hakupaza sauti. Alisimama pale pale alipo, kwa sababu baba naye ana moyo ule ule, wanameza vidonge vile vile, na mtu mwenye moyo ule haibukiwi kutoka nyuma.

"Hodi, baba," aliita tena.

Fundi Waya alitaka kujibu. Alifungua mdomo, akafungua tena, na hakuna kilichotoka. Machozi ndiyo yaliyotoka.

"Baba." Mkoba ulikuwa umemponyoka Chiriku. "Baba, jibu basi. Hodi."

"Karibu," alisema. "Karibu, mwanangu."

Akasikia miguu ikivuka barabara, ile miguu ya kurushwa, na Chiriku akamfikia, akamshika shati kwa ngumi mbili, midomo imempauka.

"Usinifanyie hivyo tena," alisema. "Unasikia? Usinifanyie hivyo tena!"

Fundi Waya alimkumbatia, na hakuwa na la kumwahidi.